Sharti Hili ni la Nani

Kwenye chai ya kuniaga mlinibana ukutani, nyinyi vijana wa chumba cha mashine, mkitaka niwaandikie siri za kazi. Siri sina. Ninazo aibu mbili tatu, na moja kati ya hizo ina mafunzo kuliko kozi zote mlizopelekwa Nairobi mkarudi na vyeti na mafua. Vyeo sitavitaja, na mshahara ndio kabisa. Nitaanzia mlangoni, kwa sababu mlangoni ndipo nilipomkuta Bi Rukia.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa binti wa Kaloleni mwenye cheti cha kompyuta na viatu vya kuazima, nimepanga chumba Tudor, na ile hospitali ya kisiwani ilikuwa ndiyo kwanza imenunua mashine. Kila aingiaye, mgonjwa au mwajiriwa mpya, alipita kwanza masjala, kule yanakokaa mafaili. Nyuma ya dirisha dogo alikaa mwanamke wa makamo, buibui ameliangusha mabegani, miwani i kwenye ncha ya pua, na mbele yake daftari kubwa la jalada jekundu.

"Naomba kuelekezwa kwa Bwana Mutiso," nikasema.

Akanitazama juu ya miwani. "Sabalkheri," akasema.

Nikatahayari. "Sabalkheri, mama."

"Alkheri. Haya, waitwa nani?"

"Sidi."

"Sidi yupi?"

"Sidi Charo."

"Mwanangu, kina Charo hapa Mombasa wamejaa tele. Charo wa nani? Mwatoka wapi? Na hapa mjini wakaa nyumba inayotazamana na nini?"

Nikamweleza yote: baba yangu ni Charo wa Karisa, wa Kaloleni, na chumba changu Tudor kinatazamana na duka la mkaa. Akaandika kwa wino, polepole, kila neno. Mimi nasimama pale nasema moyoni, mama huyu maskini, hajui kwamba nimekuja na mashine itakayomwondolea taabu hii. Jeuri ya ujana, wallahi. Na haikuwa hata jeuri ya kunifaa, kwa maana kwetu mtoto hupewa jina la bibi au babu, na majina yanazunguka. Baba na ndugu zake wawili kila mmoja alimpa binti yake jina la mama yao, kwa hiyo boma letu lilikuwa na kina Sidi watatu. Shangazi akiita "Sidi!" bila kutaja wa nani, tulikwenda sote, au kama ni maji ya kuchota, hakwenda hata mmoja. Mtu aliyekulia katika boma kama hilo hapaswi kufanya kosa nililolifanya mimi.

Bwana Mutiso, Mkamba wa Machakos, ndiye aliyekuwa mkuu wa chumba cha mashine. Alizungumza na kompyuta kuliko alivyozungumza na watu. Chumba kilikuwa na baridi, tulivaa sweta huku nje Mombasa inaungua. Tulikuwa na skrini za maandishi ya kijani, printa iliyopiga kelele hata ukashindwa kusikia jina lako, na karatasi ndefu zenye matundu pembeni ambazo wauguzi walituomba za kufungia maandazi. Kitabu cha maelekezo kilikuwa kimoja, kinene, nusu yake fotokopi. Bwana Mutiso alinifundisha mambo mengi, ila mawili aliyarudia kila siku: soma maneno ya mashine mpaka mwisho kabla hujabonyeza kitu, na ukiiuliza mashine habari zake yenyewe haitakudanganya, ila itakujibu ulichouliza tu.

Hilo la pili sikulielewa, na ndilo lililonitia matatani. Nyinyi mnalijua, lakini nalieleza kwa ajili ya watu wa nyumbani kwangu watakaosoma hapa. Habari za wagonjwa tuliziweka katika majedwali. Kila jedwali lilikuwa na masharti yake, yaani makatazo ambayo mashine iliyasimamia bila kuchoka na bila kuhongwa: wagonjwa wawili wasiwe na nambari moja, majibu ya maabara yasiingie bila mgonjwa wake. Kila sharti lilikuwa na jina. La nambari Bwana Mutiso aliliita SHARTI_NAMBARI. Alikuwa mtu wa majina mafupi. Na mashine ilikuwa na daftari lake la ndani lenye orodha mbili: moja ya masharti yote yaliyopo, nyingine ya safu ambazo kila sharti linazilinda. Ukitaka picha nzima, unaziunganisha hizo orodha mbili.

Hospitali ikafungua kliniki Likoni. Bwana Mutiso hakutaka kuanza upya, akanakili kila kitu cha kisiwani, majedwali na masharti na majina yake, akakiweka chini ya mwenyewe mwingine, yaani mwenye mali mwingine. Kwa hiyo ndani ya mashine moja palikuwa na nyumba mbili: mwenyewe wa kwanza akiitwa KISIWA, wa pili LIKONI. Mashine haikuwa na neno. Jina haliruhusiwi kurudiwa katika nyumba moja, lakini nyumba ya jirani haihusiki.

Kazi yangu ya kwanza kubwa ikawa kuingiza wagonjwa wa zamani wa Likoni. Karani wa kule aliwaandika kwenye disketi, mimi nikavuka Feri nikazichukua ndani ya kopo la biskuti zisije zikapata maji ya chumvi. Ukiingiza maelfu ya watu kwa mpigo, masharti hukwamisha kazi, kwa hiyo desturi ilikuwa kuyaondoa, kuingiza, kusafisha, kisha kuyarudisha. Bwana Mutiso akaniambia nimpelekee orodha ya masharti ya Likoni aipitishe, na niandae faili la amri za kuyaondoa.

Nikaliuliza lile daftari la ndani. Nikaziunganisha zile orodha mbili kwa jina la sharti. Kwa jina tu. Nilijua Likoni ina masharti kumi na manne, lakini majibu yakaja ishirini na manane, kila jina mara mbili.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angeuliza haya marudio yanatoka wapi. Mimi niliona uchafu, nikatafuta ufagio. Kwenye orodha ya bosi niliandika majina matupu, nikaongeza neno la kuiamuru mashine iondoe marudio, na karatasi ikatoka na kumi na manne, safi, ya kupendeza. Bwana Mutiso akaihesabu kwa penseli, akatia sahihi. Faili la amri halikuwa na neno lile. Lilikuwa na amri ishirini na nane: kumi na nne za kuondoa masharti ya LIKONI, na kumi na nne za kuondoa yale yale ya KISIWA, kwa sababu majina ni mamoja na mimi sikusema nayataka ya nani.

Niliendesha zile amri Jumatatu adhuhuri kwa ufunguo mkuu, ule unaoingia nyumba zote. Maneno ya mashine yakapanda kwenye skrini, "limeondolewa, limeondolewa," na mimi niko kwenye chupa ya chai namimina. Nikaingiza wagonjwa wa Likoni, nikarudisha masharti ya Likoni. Bwana Mutiso akasema, "Kazi safi." Mtu ambaye siku nzima husema maneno kumi akikupa mawili ya sifa, unatembea juu ya mawingu.

Masjala walitumia kadi zilizochapwa nambari tayari. Mchapaji alikuwa mzembe, mara nyingine alileta bunda lenye nambari zilizokwisha kutumika. Hilo lilikuwa halitusumbui. Karani aliingiza nambari, mashine ikakataa, Bi Rukia akafyonza, akaitupa kadi na kuchukua nyingine. Jumanne hiyo lilifunguliwa bunda bovu, na mashine haikukataa.

Jumatano asubuhi Matroni Wakesho wa wodi ya wazazi, Mtaita mrefu ambaye hata madaktari walimwogopa, aliingia masjala na karatasi mbili za maabara. Mimi nilikuwa pale narekebisha waya wa printa. Zote mbili zilikuwa na jina moja na nambari moja, za mama mmoja wa Kuze aliyekuwa akisubiri kupasuliwa ajifungue. Karatasi moja ilisema damu yake ni kundi O. Nyingine ilisema ni A.

"Mwanamke mmoja, damu mbili," akasema Matroni. "Nimtilie ipi? Mbili nusu kwa nusu?"

Alikwisha kusimamisha kila kitu na kuamuru damu ipimwe upya, mirija ikiwa mkononi na si kwa kutegemea kompyuta. Nalisema mapema msije mkasoma kwa roho juu: mama alipasuliwa salama, mtoto akalia kwa nguvu, na jina la mtoto Bi Rukia aliliandika na la babu yake na la mtaa. Lakini pale masjala hatukuwa tunajua bado. Bi Rukia alifungua daftari lake, kidole kikashuka ukurasa mmoja, akasimama. "Mwanaidi binti Omari, wa Kuze, nyumba yatazamana na kisima cha msikiti," akasoma. Akafunua ukurasa wa pili. "Na Kache wa Ngala, wa Majengo, yatazamana na fundi baiskeli. Kadi nambari ile ile." Watu wawili, nambari moja, na majibu ya wote wawili yakichapwa kwa jina la mmoja.

Msimamizi wa hospitali hakutaka kusikia zaidi. Siku nyingi alilichukia lile daftari, akisema linaifanya hospitali ionekane duka la rejareja. Alisema masjala imewapa wanawake wawili nambari moja, kwamba huo ni uzembe wa kuua, na kwamba Ijumaa saa sita barua ya kumfukuza Bi Rukia itakuwa mezani. Kazi ya miaka yote ile, kwa karatasi moja.

"Mimi nimeandika kilicho kwenye kadi," Bi Rukia akasema. Akanitazama mara moja tu, akafunga daftari.

Nikarudi chumba cha mashine. Nikaliuliza daftari la ndani: SHARTI_NAMBARI lipo? Likajibu: lipo. Alhamdulillahi, nikasema, mimi Mkristo mzima. Sharti lipo, kosa si langu, mama wa watu ameponzwa na macho ya uzee. Nawaambia ukweli kama ulivyokuwa: nilifurahi.

Alhamisi nilikwenda masjala kumpa pole, na hiyo pole yenyewe ilikuwa ya mtu aliyenusurika. Nikakuta bwana mmoja dirishani.

"Nimekuja kumwona Fatuma Ali," anasema.

"Fatuma Ali yupi?"

"Fatuma Ali, mgonjwa! Si amelazwa hapa?"

"Amelazwa. Hata wewe waona ni mmoja, sivyo? Ninao wanne, bwana wangu. Nikikupa yeyote utapokea? Niambie wa nani, wa mtaa gani. Jina tupu ni la kila mtu."

Sikumaliza hata salamu. Nilikimbia koridoni kama niliyeacha uji jikoni. Nikaketi, nikaliuliza tena daftari la ndani, safari hii nikimtaja na mwenyewe. SHARTI_NAMBARI la LIKONI: lipo. SHARTI_NAMBARI la KISIWA: hakuna. Nikauliza masharti yote ya KISIWA. Hakuna hata moja. Tangu Jumatatu nyumba kubwa ilikuwa imelala milango wazi, na aliyeing'oa milango ni mimi.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo kazi yetu inapopimwa, wala si kwenye mitihani. Ningeweza kuyarudisha masharti kimyakimya. Bwana Mutiso alikuwa na sahihi yake kwenye orodha safi ya kumi na manne, na faili la amri lilikuwa kwenye disketi yangu. Hakuna ambaye angejua. Nilikuwa na wadogo zangu wawili shuleni wakinitegemea, na kazi ya kompyuta Mombasa wakati ule haikuwa ya kuokota. Bi Rukia angeondoka Ijumaa, tungemfanyia chai, na mimi ningetoa hotuba. Nilikaa na wazo hilo mpaka saa ya kufunga, nikaenda nalo Tudor, nikarudi nalo asubuhi. Naona haya kuandika kwamba nilirudi nalo.

Kilichonishinda ni jambo la kawaida kabisa. Mashine ilikataa kurudisha sharti la nambari, kwa sababu nambari zilizorudiwa zilikwisha ingia. Zilikuwa tano, watu kumi. Ilibidi nijue majibu yapi ni ya nani, na kompyuta haikujua tena. Kitu kimoja tu katika hospitali nzima kilijua, nacho ni lile daftari jekundu.

Nikamwambia Bwana Mutiso kwanza. Akafungua droo, akaitoa ile orodha. "Sahihi ni yangu," akasema.

"Amri ni zangu," nikasema.

Tukaenda pamoja kwa msimamizi, na nikamwomba Bi Rukia aitwe, kwa maana sikutaka kuyasema mara mbili. Nikayasema: kwamba niliona majina yamerudiwa, nikayaficha badala ya kuuliza, na kwamba masjala haikukosa chochote isipokuwa kuiamini kompyuta yangu. Barua ya Bi Rukia ilichanwa mbele yetu. Yangu ikaandikwa, ya onyo kali, pamoja na miezi mitatu bila kuugusa ufunguo mkuu. Nilistahili zaidi ya hapo, na nilishukuru.

Tulipofika masjala Bi Rukia alivuta kiti cha pili, akakipangusa kwa upindo wa buibui.

"Sabalkheri, Sidi wa Charo wa Karisa," akasema. "Keti. Tuanze na yupi?"

Tulikaa siku mbili, yeye anasoma, mimi nabonyeza, mtu mmoja mmoja. Katikati alitoa mahamri na mbaazi, akanigawia nusu yake, akaniuliza bila kuinua macho:

"Uliona yamerudiwa?"

"Niliona."

"Ukafanyaje?"

"Niliyaondoa."

"Hukuyaondoa, mwanangu. Uliyafunika. Kurudiwa si uchafu. Yule wa pili ni mtu, yuwataka umuulize ni wa nani."

Nilimpenda mama yule tangu hapo kama nilivyompenda mamangu. Nilimpenda na ukali wake, na kufyonza kwake, na namna alivyowalazimisha kusalimu hata madaktari bingwa kabla hajawapa faili.

Yaliyobaki mnayajua, kwa sababu nimewapigia kelele nayo. Bwana Mutiso aliacha majina mafupi, kila sharti likabeba jina la jedwali lake. Mimi sijaunganisha tena orodha hizo kwa jina tupu: namtaja mwenyewe wake, nataja na jedwali, maana baadaye zilikuja mashine ambazo hata katika nyumba moja majedwali mawili hubeba masharti ya jina moja bila haya. Na kila mmoja wenu aliyewahi kuniletea majibu yenye marudio, huku kidole ki tayari kwenye lile neno la kuyaondoa, ameniona nikimtazama juu ya miwani na kumuuliza: sharti hili ni la nani? Najua mnaniiga nikiondoka. Mnaiga vibaya, kwa sababu hamuanzi na sabalkheri.

Bi Rukia alistaafu kabla miaka ya tisini haijaisha. Hospitali ilitaka kuyachoma madaftari yake. Nikaomba lile jekundu libaki nasi, nikalifungia kabatini, na ilipita miaka kabla sijapata moyo wa kufungua ukurasa wa wiki ile. Nilitafuta nambari ya mama wa Kuze. Chini yake, pembeni, kwa wino ule ule na mwandiko ule ule wa polepole, nikakuta ameandika siku ile ya Jumatano, kabla mimi mwenyewe sijajua:

"Nimejaribu kadi moja mara mbili, mashine imekubali. Zamani ilikataa. Imeacha tangu Sidi aliposhughulika na ya Likoni. Naangalia kila nambari kwa mkono mpaka aitengeneze. Kwa msimamizi sisemi. Sidi atakuja mwenyewe."

Daftari nawaachia, limo kabatini, rafu ya chini, na ukurasa nimeutia alama. Msiishie kwenye maneno hayo ya Jumatano. Shukeni mpaka Ijumaa asubuhi, penye mstari mmoja usio na nambari ya kadi:

"Sidi wa Charo wa Karisa, wa Kaloleni. Tudor, nyumba yatazamana na duka la mkaa. Amekuja."